Mayige wa Sapiwi na Ubao Uliowashinda Mchwa

Ukifika Sapiwi ukauliza mji wa Mayige, yaani boma lake, watu hawatakuonyesha nyumba. Watakuonyesha banda la kuku. Nyumba yake ni ya tofali na bati kama nyumba za wengine, lakini banda lake la kuku limeezekwa kwa miradi. Kila mradi uliopita kwetu ulisimika kibao cha bati mbele ya mji wake, chenye maandishi mengi na picha ya mikono inayoshikana. Mradi ukishaondoka, Mayige alikuwa anang'oa kibao, ananyoosha misumari juu ya jiwe, anakipandisha kwa kuku.

Mimi sisomi, vibao vile navijua kwa rangi. Cha kijani ni alizeti. Cha bluu ni bwawa la samaki, lililochimbwa mahali ambapo hata bata hupita kwa miguu mwaka mzima. Cha njano ni mbuzi wa maziwa, waliokuja kwa lori wakaondoka mmoja mmoja kupitia sufuriani. Cheupe ni nyuki. Nyuki wenyewe waliikagua mizinga, wakaona imepakwa rangi ya ofisi, wakaenda kukaa kwenye kengele ya kanisa, na mpaka leo Jumapili kwetu hakuna anayechelewa ibada, maana kengele ikipigwa kila mtu anakimbilia ndani.

Kwa hiyo kuku wa Mayige ndio kuku pekee mkoa mzima wa Simiyu wanaolala chini ya maendeleo. Ila upande wa magharibi palibaki wazi, nafasi ya kibao kimoja. Mvua ikija kutoka ziwani, kuku walikuwa wanabanana upande mmoja kama waumini wa Krismasi. Mayige akipita pale alikuwa anatazama lile tundu, anatazama barabara ya Bariadi, anatazama tena tundu.

Ugonjwa wake ulikuwa huu: hakujua kumkatalia mgeni. Alizaliwa nao. Marehemu mama yake alinisimulia kwamba mkunga alipoinama kuuliza kama mtoto yuko tayari kutoka, sauti ilisikika ndani kabisa ikisema, "Sawa." Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika maji ya moto, sikusikia kitu, lakini mama yake hakuwa mwongo.

Msidhani ni mjinga. Shika jembe la kukokotwa na ng'ombe na Mayige, uone nani atanyoosha mstari wa pamba. Ng'ombe akiumwa, Mayige anajua kwa kusikia anavyocheua. Lakini mgeni akishaketi na kupewa maji ya kunywa, Mayige anageuka uji. Kwetu ni kweli mgeni hakataliwi. Ukimkatalia, habari yako itamtangulia kila mji atakaopita. Ila sisi wengine tuna vichochoro vyetu. Tunasema "tutaona." Tunasema "ngoja mzee arudi," na mzee yuko kaburini tangu enzi za mwenge wa kwanza. Mayige hata hayo hayawezi. Mgeni anauliza, yeye anasema sawa.

Kitu kimoja tu sawa yake ilikuwa haijawahi kukigusa: ngitili.

Kwa wale wa mbali, ngitili ni kipande cha ardhi unachokifunga wakati wa mvua. Nyasi zinakua, hakuna ng'ombe anayeingia, hakuna shoka linaloingia. Kiangazi kikishakausha kila kitu mpaka ng'ombe wanalamba ukuta, ndipo unafungua. Ya Mayige aliachiwa na baba yake. Kuizunguka yote ni pamba, pamba, pamba, halafu katikati ya weupe huo unaona kijani, na katikati ya kijani unaona mkwaju mnene ambao kivuli chake, nasema mbele ya Mungu, mchana kinafika wilaya ya jirani na lazima mtu atumwe kukirudisha jioni. Mwaka ule wa njaa kubwa, ng'ombe wa Sapiwi walikufa wamesimama. Wa baba yake Mayige walibaki. Ndio waliokwenda Mwamanyili kuwa mahari ya Kija, mke wa Mayige. Mpaka leo Kija akikasirika anamwambia mumewe, "Baba Precious, mimi nimeolewa kwa nyasi zile. Usizichezee."

Sasa huyo Precious ndiye aliyeleta shida, bila kujua. Ni binti yao, anauza mitumba pale Somanda, mjini Bariadi, viatu na mabegi. Siku moja alifungua belo la vitu mchanganyiko akakuta ubao. Ubao mrefu kama mkono wa mtu mzima na bega lake, umepinda juu huku na huku kama mtumbwi uliokaliwa na mtu mnene, chini una magurudumu manne madogo. Mgongoni una ngozi ya kukwaruza, tumboni una picha ya fuvu la kichwa linalocheka. Vijana wa bodaboda pale mjini wakamwambia ni skatibodi, watoto wa Ulaya wanasimama juu yake wanateleza barabarani. Precious akafikiria mama yake anavyobeba ndoo za maji, akaufunga kwenye bodaboda, akautuma Sapiwi na maneno kwamba ndoo zitakuwa zinajiendea zenyewe.

Mayige aliujaribu kwanza mwenyewe, kwenye kale kamteremko ka kwenda lamboni. Niliona kwa macho yangu mawili. Alipanda kama anavyopandwa punda, akasukuma kwa mguu, na kuanzia hapo hakusukuma tena. Alipita mbuzi, akapita mbwa, akapita shemeji yake aliyekuwa kwenye pikipiki, na upepo ulimvua kofia ukaivalisha kisiki. Alipofika lamboni ng'ombe walimpisha kama wanavyompisha fahali. Aliibuka katikati ya maji, hajaumia. Kija alikuwa kasimama na ndoo yake.

"Maji umeyaona?" akamwuliza.

"Nimeyaona, Mama Precious."

"Basi chota."

Mvua zikaanza na udongo wetu mweusi ukawa tope. Tope la Sapiwi mnalisikia tu. Liliwahi kumeza pikipiki nzima ikaota msimu uliofuata, miche miwili ya pamba ikichungulia kwenye tenki la mafuta. Magurudumu manne ya ukubwa wa kitunguu yangefanya nini pale? Mayige akayang'oa. Akayafunga chini ya tenga la vifaranga, likawa linasukumwa kufuata kivuli mchana kutwa, na vifaranga wale walikua wamezoea safari mpaka walipokuwa majogoo walikataa kukaa mahali pamoja.

Ubao ukabaki mtupu. Kija akaugeuza kuwa ubao wa kukatia viazi. Ninyi mnaojua michembe mtanielewa: viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa. Ubao wa kawaida ni bapa, vipande vinakimbilia chini kwa kuku. Huu umepinda huku na huku, kiazi kinakatwa kinabaki kimekaa kama mtoto kwenye beseni. Wanawake walitoka hata vitongoji vya mbali kuja kuuona. Fuvu limeangalia chini linacheka, juu visu vinaimba.

Jambo la pili lilikuwa mchwa. Kija aliusahau ubao nje msimu mzima wa palizi. Mchwa wa kwetu si wa kuchezea. Wamekula mipini ya majembe, wamekula miguu ya meza ya mwenyekiti akiwa anahutubia, amemaliza hotuba kaketi chini. Lakini ule ubao waliufikia, wakaunusa, wakajenga barabara kuuzunguka wakaendelea na safari yao kwenye mlango wa choo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ubao una dawa. Wengine waliomba wakwangue kidogo wachanganye na maji waoge.

Basi habari hiyo ikafika mjini, na mjini ikamfikia Januarius.

Januarius alikuwa afisa wa mradi fulani wa mazingira wenye ofisi Bariadi. Kijana safi, shati limenyooshwa mpaka linakata, viatu vyeupe. Mahali pa viatu vyeupe Sapiwi ni kaburini tu, siku ya maziko yako mwenyewe. Alikuja na gari refu, na gari lile halikuzimwa. Lilikaa linaunguruma chini ya jua tangu walipofika mpaka walipoondoka ili ndani pabaki na baridi, huku yeye nje akitufundisha habari za hewa kuchafuka. Tulipewa maji ya chupa. Tukapewa fulana. Kisha akasimama mbele ya mji wa Mayige, akafungua mikono.

"Mwangaluka!"

Ilikuwa alasiri. Mwangaluka ni ya asubuhi. Lakini tuliitikia, mtu akijitahidi unamsaidia.

"Ndugu zangu, mimi si mgeni hapa," akasema. "Mimi ni mwenzenu. Shida yenu ni shida yangu."

Neno hilo alifundishwa kwenye semina, naye alilipenda. Alilisema mwanzo, akalisema katikati, akalisema alipokuwa anapewa kuku, na kuku alipewa kwa sababu ni mgeni.

Akaomba aonyeshwe ubao. Kija akaufuta viazi, akamkabidhi. Januarius akauinua juu kama padri anavyoinua ekaristi.

"Huu ubao, akina mama na akina baba, una maisha yake. Ulianza kama mti, nchi ya baridi huko ng'ambo. Mti huo umekua polepole, umri wa babu na mjukuu wake. Ukakatwa. Ukachanwa vipande vyembamba kama karatasi. Tazameni hapa ubavuni: mistari saba. Ni mbao saba zimepakwa gundi zikabanwa kwenye mashine. Gundi ile ina moshi wake, si mzuri. Ukapakwa rangi, ukapandishwa meli. Kijana mmoja akauchezea miezi michache, ukapata ufa hapa mwishoni, akautupa. Ukapandishwa meli tena. Hauozi upesi. Ukiuchoma, unatoa sumu. Mnaona? Mti mzima, bahari mbili, ili mtu mmoja ateleze!"

Tulisikitika kweli. Mti wa watu, umri wa babu na mjukuu. Mama mmoja alipiga ulimi.

Kija hakupiga ulimi. Alikuwa anafikiria. "Baba, umesema gundi."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo maana mchwa hawali?"

"Inawezekana sana, mama."

"Mchwa hawali, na mimi nimekatia viazi, na watu wamekula?"

Kila mtu alijishika tumbo lake. Januarius akatazama kwenye simu, akatazama gari.

"Mama, hilo liko nje ya mradi huu," akasema.

Mimi nikamwambia Kija asiogope, maana sasa tumepata jibu la swali la siku nyingi. Mwenyekiti wetu alikula michembe ile sahani nzima, na tangu hapo hajanyanyuka kwenye kiti. Watu wakacheka, mwenyekiti hakucheka, na hakunyanyuka.

Ndipo Januarius akafika alikokuwa anakwenda. Mradi wake umeona mbali. Vijana wa Simiyu nao wanahitaji kuteleza. Badala ya kuagiza mbao za ng'ambo zinazoharibu dunia, zitengenezwe hapa hapa, mbao rafiki wa mazingira, kwa mti wa hapa hapa. Mti mgumu, mnene, uliotunzwa vizuri. Akageuka taratibu mpaka uso wake ukaangalia kijani.

"Kama ule," akasema.

"Ule mkwaju," nikasema mimi, maana mtu aliyeulizwa alikuwa ameanza kutetemeka midomo.

"Mti mmoja tu, Bibi. Wa mfano."

"Na gundi ya kubandika mtaitoa wapi, mjukuu wangu? Utomvu wa minyaa?"

"Gundi itaagizwa."

"Na mashine ya kuchana kama karatasi?"

"Itaagizwa pia. Wataalamu wameshaandika."

"Itakuja kwa miguu?"

"Kwa meli, Bibi. Lakini mara moja tu."

"Na hao vijana watateleza wapi? Umeona udongo wetu?"

Hapo uso wake ukang'aa kama bati jipya. Akasema awamu ya pili imelifikiria hilo. Eneo litakalobaki wazi baada ya mti kuondoka litasawazishwa, litamwagwa saruji, uwanja wa kuteleza, wa kwanza kanda yote ya ziwa. Eneo lote lile la nyasi, ambalo kwa sasa halitumiki.

Halitumiki! Ng'ombe wa Mayige, walioko zizini, walisikia. Mmoja alikohoa.

Januarius akamgeukia mwenye mji. "Mzee wangu Mayige, wewe ni mshirika wetu wa siku nyingi. Tukuweke kwenye mradi?"

Nilimwona Mayige akipigana. Jasho lilimtoka mpaka fulana mpya ya mradi ikabadilika rangi. Alitazama ngitili. Alitazama tundu la banda la kuku. Alimtazama mgeni aliyeketi kwenye kigoda chake na kunywa maji ya mtungi wake. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Sawa," akasema.

Kija aliweka kisu chini. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na kanga mbili na kikapu, akaviweka mlangoni ambapo kila mtu angeviona. Wageni walipoondoka akamwambia mumewe, "Baba Precious, siku shoka la kwanza litakapolia mle ndani, mimi nitakuwa njiani kwenda Mwamanyili. Ng'ombe walionitoa kwetu walikula pale. Kama pale hapana kitu, basi na mimi sikuolewa."

"Ningemwambiaje, Mama Precious? Ameshakunywa maji."

"Ungemwambia mti ni wangu."

"Mgeni?"

"Mgeni!"

Mayige akaenda kukaa ngitilini peke yake, mgongo kwenye mkwaju. Siku zile hakula vizuri. Alifanya mazoezi. Nilimsikia kupitia uzio wa minyaa unaotutenga, akiwaambia ng'ombe, "Hapana." Ng'ombe wanamtazama. "Ha-pa-na." Akafika mpaka kwa kuku. Kwa kuku aliweza. Lakini nilipotokeza mimi kumwomba chumvi, nimevaa kilemba kipya ili nifanane na mgeni, akasema sawa kabla sijamaliza kuomba. Nikarudi na chumvi, na jogoo mmoja ambaye sikumwomba.

Gari lilirudi baada ya Jumapili. Mayige alikuwa mnadani, Kija alikuwa nami shambani tunachuma choroko. Januarius na dereva wake hawakungoja mtu. Kwani wameshapewa sawa. Walipitisha gari juu ya uzio wa miiba, wakaingia mpaka katikati ya nyasi mbichi, wakakata tawi la mkwaju nene kama paja, la kwenda kupimwa, wakapiga picha na tawi, wakapiga picha bila tawi.

Tulisikia msumeno. Kija akaniachia ungo wake mikononi akaondoka mbio, nikadhani anafuata kikapu chake. Kumbe hapana. Alinyoosha moja kwa moja kwa Mzee Kasmiri.

Kasmiri ndiye anayeongoza dagashida, baraza la wanaume wetu kwa mambo ya mila. Serikali ina ofisi zake, na dagashida ina kivuli chake cha mgunga na kumbukumbu ndefu. Sheria ya ngitili haijaandikwa popote ndiyo maana hakuna aliyewahi kuipoteza: mwanakijiji akiivunja, akikata mti mbichi au kuingiza kitu kabla ya wakati, anatoa dume la ng'ombe, linachinjwa na kuliwa na baraza siku hiyo hiyo. Mgeni yeye hatozwi. Mgeni hajui. Mgeni anapewa maji, anaonyeshwa njia.

Filimbi ya kuita baraza ikalia kijiji kizima. Gari lilipotaka kutoka ngitilini likakuta njia imejaa wanaume wamekaa kimya. Wanawake hatukai dagashida, lakini hakuna aliyewahi kutukataza kupepeta choroko jirani, na siku ile choroko za Sapiwi nzima zilihitaji kupepetwa pale.

Januarius hakuogopa hata kidogo. Alifurahi! Alimnong'oneza dereva achukue picha, jamii imejitokeza kwa wingi. Akapewa kigoda. Mayige akaja akihema kutoka mnadani, akaona pengo la uzio, akaona tawi, akakaa mwisho kabisa uso umeinama.

Kasmiri ni mzee mwenye haki. Anaongea taratibu, unaweza kulima tuta kati ya neno na neno. Akasema:

"Kijana. Kabla ya yote, baraza linataka kukujua. Wewe hapa kwetu ni mgeni, au ni mwenzetu?"

Mimi nilitaka kukohoa nimsaidie, lakini ungo wa Kija ulinigonga mguu.

"Fikiri kwanza," Kasmiri akaongeza. "Hatuna haraka."

"Mzee wangu, hilo sihitaji kufikiri!" Januarius akasimama, mkono kifuani. "Siku ya kwanza nilisema na leo narudia. Mimi si mgeni. Mimi ni mwenzenu kabisa. Ni mwana-Sapiwi!"

Wanaume wakapumua pamoja. Mmoja akaanza kunoa kisu.

"Mmesikia?" akauliza Kasmiri.

"Tumesikia!"

"Basi mwenzetu amekata tawi bichi. Mwenzetu amevunja uzio, amekanyaga nyasi za kiangazi. Baraza linasemaje?"

"Dume!"

"La kunona," akaongeza mmoja wa nyuma.

Ilibidi dereva amweleze Januarius mara mbili. Rangi ilimtoka, shati nalo likalegea. "Lakini wazee wangu, niliruhusiwa! Mwenye mti alisema sawa mbele yenu wote! Mzee Mayige, si ulisema sawa?"

Watu wote wakageuka nyuma. Mayige alikuwa kama mtu aliyeshikwa na kambare mfukoni. Kija aliacha kupepeta.

"Mayige," Kasmiri akasema, safari hii kwa Kisukuma, maana tulikuwa tumeshabaki wenyewe kwa wenyewe. "Jibu ulilompa mgeni mjini kwako, hilo ni la ukarimu wako, baraza haliliingilii. Lakini mgeni yule hayupo tena. Amesema mwenyewe. Aliyesimama hapa ni mwenzako kama mimi, kama hawa. Mwenzako anataka mkwaju wa baba yako na ngitili amwage saruji. Unampa?"

Mayige akainua uso. Akamtazama Januarius kuanzia viatu vyeupe, ambavyo havikuwa vyeupe tena, mpaka kichwani. Nadhani alikuwa anatafuta yule mgeni yuko wapi. Akatafuta, akamkosa. Mdomo ulianza na ule mzunguko wake wa siku zote, tukaona "sa" inakuja, Kija akafumba macho.

"Yaya," akasema Mayige.

Mwenyewe alishtuka kusikia hapana ya Kisukuma ikimtoka. Akatazama pembeni kuona nani amesema. Halafu akalionja tena.

"Yaya. Mti yaya. Nyasi yaya. Saruji yaya kabisa!"

Vigelegele vyetu viliamsha popo wa Bariadi mjini. Na Mayige, kwa kuwa neno lile alikuwa amelilimbikiza tangu tumboni, likishaanza kutoka halikukamatika. Jirani alimwomba plau, yaya. Akapewa ugoro, yaya. Dume lilipochinjwa akaletewa maini kama mwenye ngitili, akasema yaya, ikabidi Kija amnyang'anye sahani na kumwambia kuna vitu vya kukataa na kuna maini.

Dume lenyewe Januarius alilitafuta mnadani jioni ile ile, na lilikuwa la kunona kama lilivyoagizwa. Nasikia kwenye taarifa za ofisi yake ng'ombe yule ameitwa warsha ya wadau. Sibishi. Nimeshahudhuria warsha nyingi maishani, na hiyo peke yake ndiyo ilikuwa na utumbo mtamu.

Sisi tukadhani hatutamwona tena. Lakini mwenzetu ni mwenzetu. Uzio ulipohitaji kutengenezwa aliitwa, na kesho yake alikuja, amevaa raba za kawaida za mtumba alizonunua kwa Precious. Alikata miiba, miiba nayo ikamkata. Akajifunza kwamba mwangaluka ni ya asubuhi na mwadila ni ya mchana. Msiba ukitokea siku hizi anapigiwa simu achimbe kaburi kama wengine, na palizi ikifika anapigiwa achukue jembe. Anasema mshahara wa ofisi ni rahisi kuliko kuwa mwana-Sapiwi.

Siku ile ya uzio, walipofika kwenye lango la ngitili, mti wake wa chini ulikuwa umeliwa na mchwa kama kila mwaka. Mayige akasimama anafikiri. Kisha akaenda jikoni kwa mkewe, ambaye tangu habari ya gundi alikuwa amerudia kukatia viazi kwenye jiwe bapa, akarudi na ule ubao. Januarius aliushika, Mayige akapigilia misumari. Ukakaa chini kabisa ya lango, pale mchwa wanapopendelea kuanzia, fuvu likiangalia nje linamcheka anayekuja. Mti wa watu wa ng'ambo, umri wa babu na mjukuu, umevuka bahari mbili kuja kumlinda mkwaju wa Sapiwi. Mchwa wamekuja, wamenusa, wamezunguka. Precious alipopiga simu kuuliza kama ule ubao unamsaidia mama yake maji, Kija alimwambia maji bado anabeba kichwani, ila ng'ombe wote wako salama.

Walipomaliza, Januarius aliketi kwenye kigoda, akapewa maji ya mtungi, na Mayige akamwangalia kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayeona ugonjwa wa zamani unataka kurudi.

"Mwenzangu," Mayige akasema, haraka kabla hajageuka mgeni. "Mradi wenu ule, umekufa?"

"Umekufa, Mzee Mayige."

"Na kibao chake? Mlikuwa mmeshakitengeneza?"

"Kipo kwenye gari. Sijui nikipeleke wapi."

"Cha rangi gani?"

"Chungwa."

Mayige akatazama upande wa magharibi wa banda la kuku, akatazama mawingu yaliyokuwa yanakusanyika juu ya ziwa.

"Ngoja nikuletee ngazi," akasema.